Je, Wajua? Cheo cha gavana hubadilika mpakani

Nchini Marekani, kwenye hafla za kitaifa, gavana akiwa ndani ya jimbo lake hutanguliwa na Rais na Makamu wa Rais tu. Hata Spika na Jaji Mkuu humfuata. Akivuka mpaka wa jimbo, anashuka safu kadhaa. Huko ugenini magavana hupangwa kwa tarehe ambayo majimbo yao yalijiunga na Muungano. Kwa hiyo yule wa Delaware, jimbo dogo lililotangulia kuridhia Katiba tarehe 7 Desemba 1787, huketi mbele ya mwenzake wa California, lenye watu wengi kuliko yote lakini la 31 kujiunga. Hawaii, ya mwaka 1959, hufunga mstari. Ni haki: ukongwe umeheshimiwa, si ukubwa. Ila mpangilio huu ni wa itifaki tu. Rais akifariki, gavana hayumo kabisa kwenye orodha ya warithi.