Alichora Ardhi, Akanyimwa Ardhi



Picha ya milima, miti na mabonde huitwa picha ya mandhari. Nyingine huchorwa kwa rangi za maji. Mchoraji huchanganya rangi na maji, kisha huipaka kwa brashi juu ya karatasi.

Albert Namatjira alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1902 huko Hermannsburg, katikati ya Australia. Alikuwa wa kabila la Arrernte, wenyeji wa asili wa huko. Mwaka 1936 alimwongoza Rex Battarbee, mchoraji Mzungu, safarini kwa ngamia. Battarbee naye akamfundisha kutumia rangi za maji. Mwaka 1938 picha za Namatjira zilionyeshwa mjini Melbourne. Zote zilinunuliwa.

Wanunuzi walipenda uzuri wa milima ile. Lakini kwa Namatjira ilikuwa nchi ya wazee wake. Aliomba kukodi ardhi afuge ng'ombe. Alinyimwa. Aliomba kujenga nyumba mjini Alice Springs. Alinyimwa pia. Wakati huo watu wa asili walibaguliwa. Yeye alipewa haki za raia mwaka 1957, akafa mwaka 1959.

Mwaka 1983 ofisa wa serikali aliuza haki ya kuchapisha picha zake. Jamaa zake waliidai. Ilirudishwa mwaka 2017, iwafaidie wao na jamii yao.

Basi ndugu, ukiona picha nzuri ya mandhari, usitazame rangi tu. Jiulize: Ardhi hii ni ya nani? Na nani anafaidika nayo?