Dirisha la hema si shuka, usilikunje!

Ikiwa chama chenu kina hema la kukodisha, bila shaka unajua jinsi yale yenye madirisha ya plastiki yanavyopendwa na maharusi. Mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya unaposhukia Embu na Meru, wageni hujikinga baridi bila kukosa mwanga. Lakini hebu litazame hema lenyewe baada ya msimu mmoja. Madirisha yamepauka kama chai ya maziwa, na katikati kuna mstari mweupe ulioanza kupasuka. Mteja akiuona, ataomba apunguziwe bei au aende kwa jirani.

Wengi hulaumu jua. Ni kweli jua huichakaza plastiki hii, lakini madhara mengi hufanyika sherehe ikiisha, vijana wamechoka na dereva wa pikapu anapiga honi. Dirisha hukunjwa mara nne kama shuka!

Kiwandani plastiki hiyo hutiwa dawa ya kuilainisha. Hata hivyo, baridi huikakamaza. Ukiikunja alfajiri kule Timau, pale penye mkunjo ndipo ufa utakapoanzia. Ngoja jua liipashe kidogo. Kule Ishiara shida ni kinyume: joto huilegeza, na plastiki ikigusana na plastiki hushikana na kuacha madoa.

Kwa hivyo viringisha, usikunje. Kwanza mwagia maji uondoe lile vumbi letu jekundu, kwani ukilipangusa likiwa kavu litakwaruza kama msasa. Kisha osha kwa sabuni isiyo kali na fulana kuukuu. Petroli na thina usizikaribishe kabisa. Likaukapo, litandaze juu ya mkeka, funika dirisha lote kwa shuka laini, kisha liviringishe pamoja na shuka hiyo kwenye bomba nene la plastiki, bila kukaza. Funga kwa utepe mpana wa kitambaa. Kamba nyembamba huacha alama. Mvua ikiwalazimisha kuliviringisha likiwa majimaji, lifungueni kesho yake mlianike kivulini.

Garini liwekeni juu ya viti na sufuria, si chini yake. Na yule dereva mwambieni mapema kwamba mtachelewa nusu saa. Mpakulieni mukimo, atangoja.