Bamba la Shaba ya Manjano: Ulijue Kabla ya Kulikata

Katika nyumba ya askari shaba ya manjano si kitu kigeni. Imo katika vifungo vya sare, katika bizimu ya mkanda, katika nembo ya kofia na katika matarumbeta ya bendi ya polisi. Watoto wamemwona baba yao akiisugua usiku wa kuamkia gwaride. Lakini kuisugua ni jambo moja na kuifua ni jambo jingine kabisa. Mpiganaji anayetaka kutengeneza sinia, kibao cha jina la mlangoni au pambo la sanduku, mara nyingi huharibu bamba lake la kwanza, na bamba hilo ni ghali kwa kuwa huagizwa kutoka nchi za nje. Aghalabu si nyundo iliyoliharibu. Liliharibika dukani, kwa kuchaguliwa vibaya, au motoni, kwa kupashwa kupita kiasi.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba shaba ya manjano haichimbwi ardhini. Ile iliyochimbwa Kilembe tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kuyeyushwa Jinja, ilikuwa shaba nyekundu. Shaba ya manjano hupatikana kwa kuichanganya nyekundu na zinki, na kipimo cha mchanganyiko huo ndicho kinachoamua tabia yake. Penye zinki chache, kama sehemu 15 katika 100, rangi huelekea wekundu wa dhahabu na bamba hufulika kwa wepesi. Penye sehemu 30 za zinki na 70 za shaba, tunapata ile itumiwayo kutengenezea maganda ya risasi: ina nguvu, lakini pia hunyumbulika sana, na kwa sinia au bakuli hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Ile yenye zinki 37 ni ya kawaida na bei yake ni nafuu zaidi. Hukubali kukunjwa, ila huchoka upesi chini ya nyundo.

Iko na aina ya nne, nayo ndiyo huwaponza wengi. Mafundi wa saa na wachongaji wa maandishi hupenda shaba iliyotiwa kiasi kidogo cha madini ya risasi, yapata sehemu 2 katika 100. Hukatika vizuri, na vumbi lake halishiki kwenye tupa. Kwa kibao cha jina ni nzuri mno. Lakini mtu akiikunja hupasuka, akiifua ingali moto huvunjika kama biskuti, na kwa chombo cha chakula haifai hata kidogo kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Kwa macho hutaweza kuitofautisha na nyingine. Basi muulize muuzaji, na asipojua, omba akukatie kipande chembamba ukikunje mbele yake. Kikipasuka mgongoni pa mkunjo, ama kina madini ya risasi ama ni kigumu mno. Kwa kazi ya kufua, kiache.

Ugumu nao ni jambo la kuuliza, maana bamba la aina moja huuzwa likiwa laini, nusu gumu au gumu kabisa, kulingana na jinsi lilivyopitishwa kati ya magurudumu ya kiwanda. Bamba laini ukilikunja hubaki ulipoliacha. Gumu hurudi kama upinde. Chukua na sumaku mfukoni. Sumaku haishiki shaba. Ikishika, ujue umepewa chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Na katika kupima unene kwa namba za geji, kumbuka kwamba namba ikizidi, bamba hupungua. Geji 16 ya Kiingereza ni milimita 1.6, wala si nyembamba kuliko geji 20, ambayo ni milimita 0.9. Bamba la mita moja mraba lenye unene wa milimita moja lina uzito wa kilo 8 na nusu. Mizani ikionyesha pungufu mno, umepunjwa unene.

Hapa sina budi kusema neno kwa wale wanaodhani kwamba shaba ya bure ipo uwanjani. Maganda ya risasi zilizopigwa ni mali ya serikali, nayo hukusanywa na kuhesabiwa. Zaidi ya hayo, ganda linaloonekana tupu laweza kuwa na fataki kitakoni ambayo haijalipuka, na mtu akilitia motoni litamlipukia usoni. Kombora au bomu lililookotwa shambani lisiguswe na mtu mzima wala mtoto, hata likiwa na kutu ya miaka mingi. Paachwe, pawekwe alama, na polisi waarifiwe. Sinia haliwezi kuwa na thamani ya mkono wa mtu.

Tuseme basi bamba limepatikana, geji 20, na kazi ni sinia dogo la duara lenye upana wa sentimita 25. Uzito wake hautafika nusu kilo. Chora duara kwa bikari na ukate kwa makasi ya bati nje kidogo ya mstari, kisha umalizie kwa tupa. Tupa mpya ianze kazi kwenye shaba, na ikichakaa ipelekwe kwenye chuma. Iliyokwisha kula chuma huteleza tu juu ya shaba. Mstari wa mahali pa kukunja uchorwe kwa penseli na si kwa ncha ya chuma, maana mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Kutoboa tundu la kuning'inizia kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini kumewajeruhi wengi. Ncha ya keekee ikikaribia kutokeza upande wa pili, hulivuta bamba kwa ghafla, nalo huzunguka kama pangaboi na kukata vidole. Libane juu ya ubao kwa jiliwa au vibanio, usilishike kwa mkono. Makali ya ncha nayo yapunguzwe kidogo kwa jiwe la kunolea, ili yakwangue badala ya kuchimba.

Sasa kufua. Chonga shimo la kina kifupi kwenye gogo la mti mgumu, uweke bamba juu yake, na upige kwa nyundo ya mti yenye uso wa mviringo. Anza penye mstari wa ukingo, uende ukizunguka, pigo kando ya pigo, huku ukisogea katikati. Ukingo utaanza kujikunja; ulaze mara moja juu ya fuawe bapa, usiuache mpaka mikunjo ikomae. Baada ya mizunguko miwili mitatu utasikia sauti inabadilika. Bamba lililokuwa likitoa mlio mzito sasa linalia kwa ukali, na nyundo inaruka. Hiyo ndiyo shaba inayosema imechoka. Kila pigo limeikaza ndani, na mwenye haraka akiendelea ataona ufa umetokea ukingoni usiozibika.

Dawa yake ni moto. Liweke bamba juu ya sigiri la makaa, penye kivuli ili uone rangi vizuri, hadi liwe jekundu la kufifia, lile ambalo juani lisingeonekana. Hapo ni yapata nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi. Usipulize mivukuto mpaka liwe la machungwa. Shaba ya maganda huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 915, na kabla ya hapo huwa imekwisha kuwa na chembe kubwa ndani, uso wake ukawa kama ganda la chungwa, nao haung'ariki tena. Wekundu ukiisha, litumbukize majini, na utakuta limelainika kama lilivyotoka dukani. Weusi wa moto huondolewa kwa maji ya ndimu na chumvi. Koleo la chuma lisiingie humo, maana wekundu wa shaba utahamia juu ya kazi yako. Kwa sinia hili huenda ukalirudisha motoni mara tatu au nne.

Anayethubutu kuyeyusha shaba ajue kwamba zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe. Avutaye moshi huo hupatwa jioni na homa, baridi na maumivu ya mwili kama ya malaria. Mafundi wengine hunywa maziwa kwa kinga. Maziwa ni chakula chema, lakini moshi huingia mapafuni wala si tumboni. Kazi hiyo ifanywe nje, upepo ukiwa mgongoni.

Akina mama nao wajue kwamba sinia la shaba tupu ni la vikombe na mkate. Ndimu, nyanya, siki na maziwa yaliyoganda hula shaba na kuichukua ndani ya chakula. Chombo cha kupikia lazima kipakwe madini safi ya bati ndani, na kipakwe tena kila yanapolika.

Kazi ikiisha, ipashwe moto mdogo wa nyuzi 250 hadi 300 kwa muda wa saa moja ili mkazo uliobaki ndani ulegee, kisha ing'arishwe. Jeshi la Uingereza lililokuwa India lilijifunza jambo hili kwa hasara. Risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika zilipatikana maganda yake yamepasuka yenyewe, bila kuguswa. Mwaka 1921 Moore na wenzake walieleza sababu: amonia itokayo kwenye mkojo wa wanyama huingia katika shaba iliyobaki na mkazo wa kufuliwa na kuipasua polepole. Kwa hiyo sinia lako lisitundikwe karibu na banda la kuku wala choo, na dawa ya kusugulia yenye harufu kali ya amonia ioshwe mara moja kwa maji na sabuni, hasa penye mikunjo ya ukingo.