Swali la Sufuria

"Kwa nini ulikimbia?" Mkimbizi aliyepita Nyarugusu, wilayani Kasulu, au Nduta, wilayani Kibondo, amelijibu swali hili mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Huulizwa siku ya kuandikishwa na huulizwa anapoomba hifadhi. Ikitokea nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, huketi tena mbele ya meza na kuanza upya. Mwishowe jibu hukaririwa: tarehe, kijiji, milio ya risasi, mto, mpaka.

Sasa mtu huyohuyo aulizwe swali jingine: "Asubuhi ile mliyoondoka, jikoni kulikuwa na nini?"

Hapo hana jibu la kukariri. Inabidi arudi mlangoni, ainame, atazame. Pengine kulikuwa na sufuria ya maharage yaliyoanza kuchemka, na mtu aliyebishana na mwenzake kama wayamwage au wayabebe. Kutoka kwenye sufuria anamkumbuka aliyeinunua, kisha jirani aliyezoea kuiazima, kisha ugomvi wa siku nyingi na jirani huyo ambao haukusuluhishwa. Kisa kimeanza, na bado hajafika mpakani.

Maswali ya kuchokoza kisa, yale ambayo walimu wa uandishi duniani kote huwapa wanafunzi wao ili kalamu iondoke kwenye mstari wa kwanza, yana siri hiyo moja: yaulize juu ya kitu kinachoshikika. Wazee wa ukanda huu wa Kigoma na Burundi hawakuhitaji kufundishwa hilo. Anayetega kitendawili kwa Kirundi husema "Sokwe!" na wasikilizaji hujibu "Niruze!", kisha kinafumbwa kitu cha nyumbani au cha shambani ambacho kila aliyepo amewahi kukishika. Kinyume chake ni insha ya "Faida za elimu". Mtoto huandika utangulizi, faida nne na hitimisho, anapata alama zake, na ndani ya kurasa mbili hamna hata tone la maisha yake. Mtoto hana kosa. Mada haikumuuliza chochote kinachomhusu.

Kwamba mazingira huumba simulizi, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alilishuhudia katikati ya miaka ya 1980 alipokaa na Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Katika makazi ya Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi, alisikia watu wengi wakieleza historia yao kwa mpangilio unaofanana, kana kwamba wote wamesoma kitabu kimoja. Kwa wale waliojichanganya na wenyeji wa mji wa Kigoma hakuukuta mpangilio huo. Makundi yote mawili yalikimbia balaa lilelile, lakini yaliishi mahali tofauti na kuzungukwa na maswali tofauti.

Mfano ulio bora zaidi wa maswali ya kitu kinachoshikika katika Afrika Mashariki unatoka Uganda. NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwasaidia akina mama kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na mwananchi wa kawaida, na wengi wa akina mama hao walidhani hawatawaona watoto wao wakikua. Mama aliyesoma miaka michache tu, akiambiwa aandike historia ya maisha yake, angeishia kuitazama karatasi. Lakini kitabu kilikuwa na vichwa vidogo: siku uliyozaliwa, vyakula ulivyovipenda, jamaa zako ni akina nani, desturi za ukoo wetu. Chini ya kila kichwa, mistari mitupu. Mistari hiyo aliweza kuijaza.

Hukohuko Uganda, katika makazi ya Imvepi, wataalamu wa afya ya akili kutoka Ujerumani waliwahudumia wakimbizi wa Sudan kwa tiba ya kusimulia maisha tangu kuzaliwa, hatua kwa hatua. Mara nyingi tiba hiyo huanza kwa kamba iliyolazwa sakafuni. Msimuliaji huweka ua penye jambo jema na jiwe penye jambo baya, na ncha moja ya kamba huachwa imeviringishwa, kwa kuwa siku zilizobaki bado hajaziishi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, ni asilimia 29 tu ya waliosimulia hivyo waliobaki na dalili kamili za kiwewe, wakati kwa waliopewa ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 79.

Hata hivyo mawe si mchezo. Imvepi kulikuwa na mtu aliyefunzwa, amekaa kando ya msimuliaji. Mwalimu au kiongozi wa kikundi asiye na mafunzo hayo asimwombe mtu jiwe zito. Aanze na maua, aanze na sufuria, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Amruhusu pia aandike kwa lugha ya nyumbani, iwe Kibembe, Kirundi au Kiha. Kiswahili kitafuata.

Tena kumbukumbu za kuhama si za wakimbizi peke yao. Mwaka uleule wa 1972, Warundi walipokuwa wakivuka kuingia Tanzania, ilianza Operesheni Kigoma, na familia nyingi za Waha, wenyeji wa Kigoma, zikahamishwa kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika zikapangwa katika vijiji. Kabla ya hapo, vijana wengi wa Buha, nchi ya Waha hao, walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, wakiitwa manamba. Mjukuu wa Kasulu mwenye kaunta buku na robo saa ya kukaa na bibi yake ana kazi ya kutosha. Asimwombe hadithi ya zamani, maana bibi atamwambia hajui kitu. Amuulize babu alirudi kutoka mkongeni na mzigo gani, na nani aliufungua. Amuulize, siku ya kuhama, nyumba ilibomolewa na nani, na mlango ulibebwa au uliachwa.

Kisha amuulize kule mahameni walikoondoka waliacha mti gani, na nani sasa anakula matunda yake.