Mtungi wa Mhezi na gesi ya Songo Songo

Gesi inayochemsha chai kwenye jiko la Mhezi, juu milimani wilayani Same, haikutoka Songo Songo. Haikutoka Mnazi Bay pia, wala kwenye visima vya bahari kuu mkabala na Lindi. Ilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, ikashushwa Dar es Salaam au Tanga, ikajazwa kwenye mitungi, ikapanda lori hadi Same mjini, kisha ikafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda na kuanza kupanda kona za mlima. Nchi ambayo taarifa za serikali zinasema ina gesi asilia futi za ujazo trilioni 57.54 ardhini inaagiza nje gesi ya mitungi.

Mtu akiambiwa hivyo, jibu la haraka ni kwamba kuna wakubwa wananufaika. Siwezi kuapa kwamba hakuna. Lakini sababu ya kwanza ni ya kikemia, na asiyeielewa atapata shida kuelewa kwa nini hatima ya gesi ya Tanzania imekuwa ngumu kutabirika hivi.

Ndani ya mtungi mna propani na butani. Molekuli ya propani ina atomi tatu za kaboni, ya butani ina nne. Molekuli za ukubwa huo ni rahisi kuzibana zikawa kimiminika: kwenye joto la kawaida la chumba, mgandamizo wa mara tano hadi nane ya ule wa hewa unatosha. Tikisa mtungi wa kilo 6, utasikia maji maji yakicheza ndani. Hayo si maji, ni gesi yenyewe. Ukifungua jiko, kimiminika hicho huanza kuchemka pale pale ndani ya chuma, na ili kichemke kinavuta joto kutoka kwenye mtungi. Ndiyo maana mtungi ukitumika kwa moto mkubwa kwa muda mrefu, hasa asubuhi za ukungu za mwezi wa saba, sehemu yake ya chini hupoa na kutoa jasho. Mstari ambapo jasho linaishia ndipo kimiminika kilipofikia. Huo ni mzani wa bure, na akina mama wengi wanautumia bila kufundishwa na mtu.

Gesi ya Songo Songo ni kitu kingine. Takriban asilimia 97 yake ni methani, molekuli yenye kaboni moja tu. Methani haikubali kuwa kimiminika kwenye joto la chumba hata uibane vipi. Lazima ipoozwe sana: kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Chukua mtungi huo huo wa kilo 6, ambao ujazo wake ni kama lita 14, uujaze methani kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Nishati utakayopata, ukiondoa joto linalopotea pembeni ya sufuria, haifikishi lita moja ya maji kwenye mchemko. Unaweza kuishindilia hadi mgandamizo wa mara 200, kama wanavyofanya kwenye magari na bajaji za Dar es Salaam zinazotumia gesi asilia. Hata hapo unapata chini ya nusu ya nishati iliyomo kwenye mtungi wa kawaida wa ukubwa ule, na chuma chake lazima kiwe kinene, tena kizito. Hakuna mwendesha bodaboda atakayekubali kukipandisha Mhezi.

Kwa hiyo methani inataka bomba. Na bomba linataka wateja wengi waliokaribiana, au mteja mmoja mlaji mkubwa mno. Safu za Upare, ilipo Mhezi, zenye nyumba zilizotawanyika kwenye miteremko na migomba katikati, hazina hata kimoja.

Na visima je? Mara kwa mara husikika kijana akiuliza kama milima hii nayo haina mafuta, maana madini yapo ya kila namna. Miamba yenyewe inajibu. Mafuta na gesi huzaliwa pale mabaki ya viumbe wadogo wa majini yanapofukiwa na matope, kisha yakapata joto la polepole. Kati ya nyuzi 60 na 150 hivi hupatikana mafuta. Juu ya hapo minyororo mirefu ya kaboni hukatika, inabaki gesi. Mawe ya Upare yalipitia joto la nyuzi 800 takriban miaka milioni 640 iliyopita, yakiwa kilomita nyingi chini ya ardhi, wakati mabara yalipogongana na kujenga mkanda mrefu wa milima kando ya Afrika Mashariki ya leo. Ukiona jiwe lenye mistari myeusi na myeupe kando ya barabara, unaangalia mzizi wa mlima huo wa kale. Mafuta au gesi yoyote iliyokuwamo iliharibiwa zamani. Tambarare ya chini ina jasi ya Makanya, inayochimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji, na hiyo ni mali halisi. Mafuta tusitafute.

Pwani ni hadithi tofauti, na imechukua muda. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Songo Songo ilianza kuzalisha kibiashara 2004, yaani miaka 30 baadaye. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, ilipata bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam 2015, baada ya ghasia za 2013 ambapo wakazi wa Mtwara walipinga gesi kuondoka kabla hawajaona faida yake. Nakumbusha miaka hiyo kwa sababu wanasiasa wakizungumzia gesi hutaja miaka mitano, na historia inaonyesha kwamba miaka 30 si jambo la ajabu.

Kuanzia 2010 yakaja magunduzi ya bahari kuu. Kampuni zilivipa visima majina ya viumbe wa baharini na viungo: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, kisha Zafarani, Lavani, Mdalasini, na kimoja kikaitwa Tangawizi. Wakulima wa Mamba Miamba, ambao tangawizi yao ndiyo inayojulikana sokoni, hawakuombwa ruhusa. Zafarani iko chini ya maji yenye kina cha takriban mita 2,500, na ndipo uchimbaji wa mwamba wenyewe unapoanzia. Jumla ya gesi ya bahari kuu inakadiriwa futi za ujazo trilioni 47 na zaidi, ambayo ni sehemu kubwa ya zile 57.54. Hiyo ni gesi iliyomo ndani ya mwamba. Inayoweza kutolewa ni pungufu yake.

Mpango wa kuitumia ni kuileta nchi kavu Likong'o, Lindi, kuipooza hadi iwe kimiminika, jambo linalopunguza ujazo wake mara 600 hivi, na kuipakia melini kwenda Asia na Ulaya. Gharama iliyotajwa ni dola bilioni 42. Juni 2022 serikali na kampuni zikiongozwa na Shell na Equinor zilitia saini makubaliano ya awali jijini Dodoma. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Januari 2021, Equinor ilikuwa imefuta kwenye vitabu vyake thamani ya karibu dola milioni 982 ya mradi huo. Mazungumzo yametangazwa kukaribia mwisho zaidi ya mara moja.

Wakati huo huo, jirani ametangulia. Msumbiji, ambayo gesi yake ya Cabo Delgado imo katika miamba iliyo jirani na yetu, ilisafirisha shehena ya kwanza kutoka kwenye mtambo unaoelea wa Coral Sul Novemba 2022, ingawa mradi mkubwa wa nchi kavu wa TotalEnergies ulisimama 2021 baada ya shambulio la Palma. Qatar nayo inapanua uzalishaji kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kwenda tani milioni 142 ifikapo 2030. Kiwanda cha Lindi, hata kikianza kujengwa kesho, kitahitaji miaka mitano au zaidi kabla ya meli ya kwanza, kisha mikataba ya miaka ishirini ili kulipa deni. Hesabu inaangukia miaka ya 2050, wakati ambapo wanunuzi wengi wameahidi kuwa wamepunguza sana gesi chafu. Kwa maoni yangu mradi huo bado unaweza kufanyika, ila yeyote anayepanga bajeti ya shule au zahanati kwa kutegemea fedha zake anacheza bahati nasibu.

Upande wa mafuta, sisi wa kaskazini tuna jambo letu la kutazama. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita Manyara na kuingia Tanga hadi Chongoleani bila kugusa Kilimanjaro. Mafuta ya Uganda yalizaliwa ziwani, yamejaa nta, na yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi; hivyo bomba limefunikwa na kitu cha kuzuia joto lisitoke, na litapashwa moto njia nzima ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Uganda imepanga mafuta ya kwanza yatoke 2026, baada ya ratiba kusogezwa mara kadhaa.

Petroli na dizeli ya Same hupangiwa bei na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, kila mwezi kwa kufuata shehena zinazoingia bandari ya Tanga. Hivyo mkoa mmoja utakuwa ukitoa mafuta ghafi na kupokea mafuta yaliyosafishwa kwingine. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza 1966, kiliacha kusafisha zamani na sasa ni matangi ya kuhifadhia. Bei ya lita Same haitashuka kwa sababu bomba limepita jirani.

Gesi yetu wenyewe, kwa upande mwingine, imekwisha kufika Mhezi kwa njia mbili ambazo haziitwi gesi. Moja ni saruji: tanuri za Wazo, Dar es Salaam, zinatumia gesi ya Songo Songo. Nyingine ni umeme. Mitambo ya Ubungo na Kinyerezi huunguza methani kuzungusha mashine, na kwa miaka kadhaa, kabla Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 halijaanza 2024, gesi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya umeme wa gridi. Njia ya tatu ingekuwa mbolea. Hidrojeni ya methani ikikutanishwa na naitrojeni ya hewa hutoa amonia, na kutoka hapo urea. Kiwanda cha namna hiyo kimezungumziwa miaka mingi huko kusini, na urea bado inaagizwa. Kwangu hicho ni kipaumbele kuliko meli za Lindi, kwa kuwa mnunuzi wake yuko shambani tayari.

Waya nao una fizikia yake. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea njiani huongezeka mara nne. Kaskazini iko mwisho wa waya: laini ya zamani ya kilovolti 132 inayopita Hale na Same kwenda Kiyungi, Moshi, imebebeshwa mzigo wa miji iliyokua kuliko yenyewe. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, alisema kusafirisha umeme kutoka kusini hadi kaskazini kunaleta hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba kanda hii itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya. Walalamikaji walikuwa wengi. Lakini kwa mhandisi, kuuza ziada kusini na kununua kaskazini si aibu; ni njia ya kufupisha waya.

Na hapo ndipo jiko linaporudi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mtungi ni mzuri kwa chai na mayai. Kwa makande, hapana. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maharage na mahindi makavu huchukua saa nyingi kuliko Tanga mjini. Hakuna Mpare atakayeunguza gesi ya meli kwa saa tatu kwa ajili ya makande, kwa hiyo mafiga yanabaki, na kuni zinaendelea kuletwa.

Jiko la presha la umeme hubana mvuke hadi maji yachemke karibu na nyuzi 115, na mlimani hupungua kidogo tu. Sufuria ya makande huiva kwa chini ya uniti moja. Kwa bei zilizowekwa 2016, kaya ndogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi. Ikivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Makande ya kila siku hayazidi uniti 30 kwa mwezi, zinabaki angalau 45 za taa, simu, televisheni na pasi. Jiko la pili la umeme likiingia nyumbani, kikomo kinavukwa. Kama EWURA itasogeza kikomo hicho au la, hilo litabadilisha majiko ya Mhezi mapema kuliko lolote litakalosainiwa kuhusu Likong'o, na hesabu yake wenyeji wameshaipiga.