Mashine nayo ingoje makanga agonge bodi

Ukitaka kuelewa mashine za kiwandani, usianze na kitabu. Nenda stejini Taveta, panda gari la Mata, ukae usubiri. Gari limejaa, mama mmoja anaongeza mkungu wa ndizi kwenye keria, na bado halitoki. Dereva anangoja kitu kimoja tu: makanga agonge bodi. Hapo ndipo linang'oka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Cheti sina, lakini somo hili nimelilipia. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa, mbali na nyumbani Mata. Kulikuwa na mkono wa mota unaosukuma chupa ndani ya katoni. Mkono kama huo huongozwa na kontrola, kisanduku kinachojua mota imefika wapi na inafaa kwenda wapi. Safari yake hukatwa vipande: sogea, sukuma, rudi. Kila kipande unakiandikia mwisho wake, kasi yake na sharti la kukianzisha. SINAMICS S120 ya Siemens, kwa mfano, inabeba hadi vipande 64.

Mambo yako kwenye sharti. Kipande kinaweza kuanza mara tu kilichotangulia kikiisha, kinaweza kungoja sekunde kadhaa, ama kingoje ishara ya nje, kama sensa inayoona chupa. Siku hiyo fundi hakuwepo, nami nikajitia mjuaji. Nikaweka: sukuma kama sensa inaona chupa. Kutwa nzima kazi ikaenda fiti.

Jioni stima ikapotea. Kenya hii hiyo si habari. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Chupa moja ilikuwa imekwama mbele ya sensa, na mwenzangu akaingiza mkono aitoe. Stima ikarudi. Kontrola ikaamka na kuangalia sharti langu. Kuna chupa? Ipo. Mkono ukasukuma. Glovu ilichanika, kidole kikavimba wiki mbili. Tulikuwa na bahati.

Kosa langu lilikuwa hili: nilimwambia dereva atoke gari likiwa limejaa, badala ya kumwambia atoke makanga akigonga. Kujaa ni hali, inaweza kuwepo hata kama mtu bado yuko chini ya gari. Kugonga ni tukio, linatokea mara moja. Kwenye kontrola nyingi unachagua: kipande kianze kwa sababu chupa ipo, au kianze pale tu sensa inapobadilika kutoka hakuna hadi ipo.

Hata hiyo haitoshi. Kuna kontrola zinazoamka zikidhani mwanzo palikuwa patupu, kwa hiyo chupa iliyokuwepo tangu zamani inaonekana mpya. Ndiyo maana stima ikirudi, mashine ingoje mtu abonyeze kitufe, na kinga iwe imefungwa, kabla ya kipande chochote kuanza. Weka pia muda wa kungoja: ishara isipokuja, mashine isimame ipige kengele.

Haya si mambo yangu tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60204-1 kinataka mashine isijiwashe yenyewe umeme ukirudi kama kuna hatari. Na Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayotaka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga.

Lakini programu si kufuli. Kabla ya kuingiza mkono, zima swichi kuu, ifunge, na ufunguo ukae mfukoni mwako.

Kama leo uko kazini karibu na mashine, muulize fundi swali moja: stima ikirudi, hii kitu inaanza yenyewe? Akisita kujibu, toa mkono kwanza.