Wanamuziki na njaa: Kutoka kuchangisha hadi kubisha hodi bungeni

NJAA katika nchi ya Wagogo hupewa majina. Iliyo mbaya kuliko zote wazee waliiita Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Halafu mvua zikakosekana. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa.

Vilio vya Ugogo havikuvuka bahari. Vya Ethiopia vilivuka, kwa sababu waliovibeba walikuwa waimbaji mashuhuri. Mwaka 1985 wimbo "We Are the World" na tamasha la Live Aid, lililofanyika Julai 13 London na Philadelphia, vilikusanya mamilioni ya dola.

Huo ulikuwa muziki wa kuchangisha, na uliokoa watu. Lakini chakula cha msaada huliwa kikaisha, na mvua ikigoma tena bakuli hurudi mkononi.

Mwaka 2014 likaja jambo tofauti. Shirika la ONE liliwakutanisha wanamuziki 19 wa Afrika katika wimbo "Cocoa na Chocolate", wakiwamo D'banj, Femi Kuti, Fally Ipupa na Watanzania wawili, AY na Diamond Platnumz. Mashabiki hawakuombwa fedha bali saini, ili serikali zitimize ahadi zilizoitoa Maputo mwaka 2003 ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo.

Saini zaidi ya milioni 2 zilipatikana. Juni mwaka huohuo, wakuu wa nchi waliokutana Malabo waliirudia ahadi hiyo, wakaongeza nyingine: kumaliza njaa ifikapo mwaka 2025. Mwaka huo umefika, na njaa ingalipo.

Kwa Tanzania, hodi hiyo hupigwa Dodoma, ambako Bunge hupitisha bajeti. Wizara ya Kilimo ilitengewa Sh bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 zikafika takriban Sh trilioni 1.2. Si haki kuusifu wimbo kwa ongezeko hilo. Na bajeti yote ya mwaka huo ilikuwa kama Sh trilioni 49, hivyo hata ukijumlisha mifugo na uvuvi, asilimia 10 iko mbali.

Nje ya ukumbi wa Bunge maana ya fedha hizo huonekana upesi. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kwa wastani wa milimita 500 hadi 600. Mahindi hunyauka zikichelewa. Mtama na uwele huvumilia. Mbegu bora, visima na mabwawa havinunuliwi kwa tamasha la siku moja.

Jambo moja linashangaza kidogo: Watanzania wote wawili waliochaguliwa walikuwa wa Bongo Fleva. Ugogo nao ulikuwa na jina lake kubwa, Hukwe Zawose, aliyeitwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam na baadaye ilimba yake ikasikika hadi Ulaya. Alifariki Desemba 2003, miezi michache baada ya ahadi ya Maputo.